Joto la Nyuma ya Friji

Katika nyumba zetu za Kaloleni, Nairobi, friji haikuwekwa jikoni. Jikoni palikuwa pa makaa na masizi. Aliyebahatika kuwa na friji aliiweka sebuleni, kwenye kona ambayo mgeni angeiona akiwa bado anapangusa viatu mlangoni, akaisukuma mpaka ikagusa ukuta, kisha mkewe akaivisha. Nasema akaivisha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu aliishonea ya kwetu kitambaa cheupe cha kufumwa kwa kulabu chenye maua ya manjano, kikubwa kuliko cha redio na vya viti vyote vikiunganishwa. Kilifunika kichwa cha friji, kikateremka ubavuni na mgongoni hadi karibu na sakafu, kikaachwa wazi mbele tu ili mlango ufunguke. Juu yake palikaa maua ya plastiki na picha ya harusi yetu.

Tuliinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wakifungasha kurudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, karani wa stoo katika karakana ya magari. Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa na mazoea ya kununua vitabu vikuukuu vilivyotandazwa kando ya barabara, hasa vile vya sayansi vya sekondari, na kuvisoma kutoka jalada hadi jalada kana kwamba nina mtihani. Niliweza kukueleza kwa nini mwezi hupatwa. Hata hivyo friji ilikaa sebuleni mwangu muda mrefu nami sikuwahi kujiuliza inafanya nini. Niliamini inatengeneza baridi, kama jiko linavyotengeneza moto.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja wa Mombasa. Mumewe alikuwa mtu wa reli, akafa akamwachia nyumba ile, mlimao mlangoni na majirani. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi kabla ya kula alijidunga sindano. Dawa yenyewe ilikuja katika vichupa vidogo vyenye vifuniko vya mpira, na nesi wa zahanati alimpa sharti moja lenye pande mbili: isipate joto, na isigande. Ikiganda, alisema, hata ikiyeyuka tena ni ya kumwaga. Ndipo bibi akaja kwetu na vichupa vyake ndani ya kikombe cha bati, akaomba viwekwe katika rafu ya kati.

Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi.

"Hodi. Nimekuja kuchukua amana yangu."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Friji imeamkaje?"

Aliiulizia hali kabla ya kuniulizia mimi. Alikuwa na sababu. Mwanawe mmoja tu aliyebaki, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, alikuwa amemwambia wazi kwamba siku dawa ikikosa mahali pa kukaa Nairobi, atakuja kumchukua. Kwa mwanawe kulikuwa na friji mbili na chumba kilichomsubiri. Bibi hakukitaka. "Chumba kizuri," aliniambia, "lakini dirisha lake linatazama ukuta, na mke wa mwanangu hupika bila chumvi kwa ajili ya afya yangu. Hapa nitakufa, lakini nitakufa nimekula."

Kwa hiyo ilipofika Julai na friji ikaanza kulegea, kila mtu nyumbani alijua si maziwa yaliyokuwa hatarini.

Julai ya Nairobi wanaoijua wanaijua: wingu limekaa juu ya mapaa, manyunyu yasiyo mvua wala ukungu, na nguo zinalala kwenye kamba mpaka zinuke uvundo. Mdogo wa mke wangu alikuwa amekuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto alikuwa na wiki chache. Nyumba ilijaa harufu ya uji, makaa na maziwa ya mama. Ndani ya hali hiyo bibi alikuja asubuhi moja, akashika kichupa chake, akakaa nacho mkononi.

"Mwanangu, hiki hakina baridi ya jana."

Nilikishika. Kilikuwa na ubaridi, lakini ule wa ukuta, si wa friji.

Sikuwa na kipimajoto cha kufaa, hivyo nilitumia siagi. Nilikata vipande viwili sawa, nikaweka kimoja kwenye rafu ya juu, kingine ya chini, nikawa navibonyeza kwa mpini wa kijiko asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Jambo lililojitokeza lilinitatiza. Asubuhi siagi ilikuwa laini kidogo. Saa sita mchana, mke wangu aliniambia, ilikuwa ngumu kama sabuni. Jioni ililainika tena, na mpaka wakati wa kulala kijiko kilizama chenyewe. Friji ilikuwa inapona na kuugua kila siku, kama mtu mwenye homa ya vipindi.

Nilianza na umeme, kwa sababu jioni ndipo mtaa mzima huwasha taa. Nilitazama balbu ya ndani ya friji mchana na jioni. Mwanga ulikuwa uleule. Nikaja kwenye mlango. Nilibana kipande cha gazeti kati ya mlango na mpira wake, nikakivuta. Kilikataa kutoka, juu, chini na pembeni. Mpira ulikuwa mzima. Nikasafisha barafu iliyokuwa kwenye kisanduku cha juu. Nikawakataza watoto kufungua ovyo. Mwisho nikazungusha kile kitufe cha namba mpaka namba ya mwisho. Friji ikanguruma zaidi, ikazima yenyewe, ikakaa kimya muda, ikanguruma tena. Siagi ya jioni ikabaki vilevile.

Jirani yetu dereva wa malori ya manispaa alikuja kutazama akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Sasa mzee, hii friji imekufa ama imelala tu?"

"Inafanya kazi mchana," nilimjibu. "Jioni inaacha."

"Basi ni mfanyakazi wa serikali. Saa kumi na moja anachukua koti." Akanywa chai yake. "Gesi imeisha hiyo. Ita fundi aijaze."

Lakini gesi iliyokwisha hairudi saa sita mchana. Nilimwambia hivyo, naye akakubali bila kinyongo, akasema labda gesi yenyewe huenda kula lanchi.

Bibi hakungoja majaribio yangu. Siku ya pili tu ya ugonjwa ule alivichukua vichupa vyake. Nilikwenda kwake jioni moja kuona amevipeleka wapi, maana niliona haya. Amana iliyotoka mkononi mwako si jambo dogo. Kwenye pembe ya chumba chake, mbali na jiko, alikuwa na mitungi miwili, mdogo umewekwa ndani ya mkubwa, na kati yake mchanga aliokuwa akiumwagia maji. Ndani ya ule mdogo, vichupa vilikuwa katika kopo la kioo lenye kifuniko. Juu ya vyote alitandika kitambaa kibichi. Mtungi wa nje ulikuwa unatoka jasho.

"Tia mkono," alisema.

Nilitia. Palikuwa na baridi kuliko rafu ya kati ya friji yangu.

"Nani alikufundisha, bibi?"

"Kwani maji ya kunywa tulikuwa tukiyapoza na nini kabla yenu kuleta makabati yenye waya? Mtungi ukitoka jasho, ndani kuna baridi. Ukikauka, ndani kuna maji tu." Kisha akaketi, na sauti yake ikashuka. "Lakini nesi nimemuuliza. Anasema ni sawa kwa siku chache, na kwa Julai. Januari likiwaka jua, mtungi hautatosha. Na mwanangu nimekwisha kumwambia kwenye simu. Sikutaka kusema uongo. Anakuja Jumamosi."

"Kuja kukuona?"

"Kuja na begi tupu," bibi alisema.

Nilirudi nyumbani nimelemewa. Njiani nilikuwa nikirudia yale maneno ya mtungi kutoka jasho, kwa sababu yaligusa kitu nilichokwisha kukisoma mahali na sikukikumbuka vizuri.

Nilipoingia, shemeji yangu alikuwa amempakata mtoto, anambadilisha. Aliniomba nimpitishie nepi iliyokuwa kwenye mkono wa kiti. Niliichukua. Ilikuwa kavu kabisa. Zaidi ya kukauka, ilikuwa na joto, kama mkate uliotoka dukani asubuhi.

Nilisimama nayo. Wiki ile soksi zangu zilikuwa zimekaa kwenye kamba siku tatu na bado zilikuwa na umande. Pasi hatukuwa nayo usiku ule, ilikuwa imeazimwa.

"Shemeji, nepi hii imekaukia wapi?"

Alimtazama dada yake. Mke wangu aliangalia dari.

"Wapi?"

"Huko nyuma," shemeji alisema. "Nyuma ya friji, chini ya kitambaa. Kuna vyuma vina moto mzuri. Nikizifua asubuhi nazitundika, mpaka alasiri zimekauka. Shemeji, usinitazame hivyo, ulitaka mtoto avae gazeti?"

"Na zikishakauka?"

"Naziacha hapohapo. Nachukua nikitaka. Si ni kama kabati tu."

Nilivuta friji kutoka kwenye kona. Mke wangu alishika picha ya harusi isianguke. Nikainua kitambaa cha kulabu kutoka mgongoni mwake, na pale nyuma niliona jambo ambalo sijalisahau. Mgongo wa friji ulikuwa na bomba moja jembamba jeusi lililokunjwakunjwa kutoka juu hadi chini, na kila mkunjo ulikuwa umevaa nepi. Nyingine zilikuwa mbili mbili. Zote zilikuwa kavu. Friji ilikuwa imevaa nguo za ndani za kitoto, juu yake kitambaa cha kulabu, na mgongo ukiwa umebanwa ukutani. Niliweka kiganja juu ya bomba, nikakiondoa upesi. Lilichoma.

Niliketi chini, mgongo ukiwa ukutani, nikitazama lile bomba. Kitabu changu cha fizikia kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya friji niliousoma zamani bila kuuamini wala kuukataa. Nilikwenda kukileta nikausoma tena palepale sakafuni. Kulikuwa na kimiminiko kinachozunguka ndani ya bomba. Kikifika ndani ya friji hugeuka mvuke, na kila kinachogeuka mvuke hula joto la kilicho karibu nacho. Kisha mota hukisukuma nyuma, kikabanwa, kikageuka tena kimiminiko, na joto lililoliwa ndani likatupwa nje kupitia bomba lile jeusi.

Hakuna baridi iliyotengenezwa. Katika friji yote ile hapakuwa na hata chembe ya baridi iliyoletwa kutoka mahali. Palikuwa na joto tu, linatolewa. Joto la maziwa. Joto la nyama ya Jumapili. Joto la vichupa vya bibi. Lilikuwa linachotwa kule ndani kimyakimya na kubebwa hadi nyuma ya friji kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja, na hapo nyuma shemeji yangu aliyekosa jua la Julai alilipokea na kumvisha mwanawe. Mtoto yule alikuwa amelala akiwa na joto lililotoka katika dawa ya bibi kizee.

Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa.

Ndipo jambo la siagi likafunguka lenyewe, na hilo lilinishangaza kuliko yote. Asubuhi shemeji alitundika nepi mbichi. Maji ya nepi yaligeuka mvuke, mvuke ukala joto la bomba, bomba likapoa, na friji ikafanya kazi vizuri hadi mchana. Alasiri nepi zilipokauka, kile kilichokuwa kikisaidia kiligeuka kuwa blanketi. Nepi mbichi ilikuwa dawa na nepi kavu ilikuwa ugonjwa, na ni nepi ileile. Bibi alikwisha kuniambia hayo jioni ileile kando ya mitungi yake: mtungi ukitoka jasho, ndani kuna baridi; ukikauka, ndani kuna maji tu. Mtungi wa udongo na kabati lenye waya vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Vilifanya kazi kwa sheria moja, na sheria hiyo ilikuwapo Mombasa na Kaloleni kabla ya mtu yeyote kuiandika kitabuni.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndogo, lakini haikuwa rahisi. Nepi shemeji alizitoa mwenyewe. Friji niliisogeza mbele kiasi cha upana wa mkono. Ilibaki kitambaa.

"Kikatwe nyuma," nilisema.

"Kikatwe?" mke wangu alisema. "Unajua nilikishona muda gani?"

"Najua. Mgongo lazima uwe wazi."

"Friji ya nani hapa Kaloleni inakaa uchi?"

"Ya mtu anayetaka maziwa yasichache."

Alinitazama, kisha akatazama kona. "Bibi akiondoka," alisema polepole, "nani atakuwa akija asubuhi kuiulizia hali?" Hakukikata. Alikikunja nyuma na kukitia mshono wa muda, kikabaki kifupi kama shati la mwanafunzi. Nilifunga pia kamba ukutani, juu ya friji na mbali na bomba, ili hewa moto inayopanda ikaushe nepi za mtoto bila kuivisha friji blanketi. Shemeji aliijaribu, akasema ni polepole zaidi lakini mtoto hatavaa gazeti.

Jioni ileile nilikwenda kwa bibi na kumweleza kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Sehemu ya nepi ilimchekesha hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Nikamwomba arudishe vichupa.

"La, mwanangu."

"Imepona, bibi."

"Imetoka kuugua leo. Mgonjwa akiinuka kitandani hapewi mtoto ambebe siku hiyohiyo. Ngoja kwanza inywe uji."

Nilisikitika kidogo, nikaondoka. Asubuhi nilipofungua friji, chupa ya maji iliyokuwa kwenye rafu ya kati ilikuwa imepasuka. Maziwa yalikuwa jiwe. Siagi haikukubali hata kisu. Kitufe cha namba kilikuwa bado kwenye namba ya mwisho, pale nilipokiacha nilipokuwa nikipigana na joto. Na sasa kwa kuwa joto lilikuwa na njia ya kutokea, friji ilikuwa imelitoa lote ililoweza kulipata. Nilitazama nafasi tupu ya kikombe cha bati, karibu na ile chupa iliyopasuka. Ikiganda, ni ya kumwaga.

Nilirudisha kitufe katikati. Nilipima kwa siagi na kwa bilauri ya maji hadi Ijumaa jioni. Siagi ilikaa ngumu asubuhi, mchana na jioni. Maji yalikaa maji.

Mwana wa bibi alifika Jumamosi kwa treni ya usiku, mtu mzima mwenye mvi, begi lake likiwa kweli tupu. Bibi alimleta kwetu hata kabla hajanywa chai. Alikuwa na kikombe chake cha bati mkononi. Yule bwana alinisalimu kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwenye friji, akafungua mlango na kutia mkono ndani.

"Ina baridi leo," alisema. "Lakini kesho, mama? Nimeambiwa ilikuwa inakuja na kwenda."

"Funga mlango," bibi alisema. "Huko si mahali pa kuuliza. Zunguka huku."

Alimshika mkono kama mtoto, akampeleka kwenye nafasi iliyokuwa kati ya friji na ukuta, chini ya nepi zilizotundikwa, akamwekea kiganja karibu na lile bomba jeusi.

"Umelisikia joto?"

"Nalisikia."

"Hilo ndilo lililokuwa ndani ya dawa yangu. Likiwa hapa, huko haliko. Kila asubuhi nitaanza kwa kuuliza huku nyuma, ndipo nifungue mbele. Siku nikikuta pamepoa, nitakupigia simu mwenyewe, uje na begi lako."

Yule bwana alibaki amenyoosha mkono pale, akimtazama mama yake, kisha bomba, kisha nepi za mtoto juu ya kichwa chake zilizokuwa zikitikisika kidogo kwa hewa moto inayopanda. Niliitambua hali ile, kwa sababu nilikuwa nimekaa sakafuni mahali palepale siku chache kabla.

Bibi alifungua friji, akaweka kikombe chake katika rafu ya kati.

Jumapili jioni tulimsindikiza mwanawe stesheni. Begi lake lilikuwa limejaa malimau ya mlangoni kwa mama yake.